Vita vya Dakika 38 Juu ya Meza ya Chakula

Mke wangu ana swali moja ambalo huniuliza kila anapotaka kuandaa chakula cha usiku: "Hii vita yako itaisha lini? Ile yenyewe iliisha chai haijapoa."

Hana makosa. Vita vyenyewe vilipiganwa hapa hapa, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka kwetu Kiponda, asubuhi ya Alhamisi tarehe 27 Agosti 1896. Vilianza saa tatu na dakika mbili, na ilipofika saa tatu na dakika arobaini mizinga ilikuwa imenyamaza. Vitabu vingine husema dakika 38, vingine 40, vingine 45. Shika hesabu yoyote, bado ndivyo vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa, na mtembeza wageni yeyote wa Mji Mkongwe atakwambia hivyo huku akitabasamu. Miye ninavyo juu ya meza ya chakula mwaka wa nne sasa.

Hobi yangu ni kupaka rangi visanamu vya vita. Ni vijitu vya plastiki au vya chuma. Vikubwa vina milimita 28 kutoka unyayoni mpaka machoni, vidogo havifiki hata hapo. Vinakuja vya kijivu. Unavikata kutoka kwenye fremu yao, unavigundisha, unavipaka kimoja kimoja, halafu unavipanga mezani na kuvichezesha kwa dadu na futi ya kupimia. Mchezo huu una ukoo mrefu. Maofisa wa Prussia waliucheza tangu 1824, Reisswitz alipowaletea kanuni zake, na wao hawakuwa na mzaha: walikuwa wakijifunza vita vya kweli. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells akachapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupigana na askari wa bandia sakafuni. Mwaka mmoja baadaye Ulaya nzima ilikuwa inawaka, na cheche zake zikafika mpaka bandarini kwetu.

Unguja hapa sina duka la kwenda. Sanduku langu la kwanza nililiokota Darajani kwenye rundo la vichezeo vya mitumba, limechanika ubavuni, kwa bei ya bakuli mbili za urojo. Yaliyofuata huletwa na binamu yangu anayeishi London, ndani ya begi, katikati ya chokoleti na nguo za watoto. Rangi ya kupuliza nanunua duka la vifaa vya ujenzi. Brashi nzuri naomba London, na nikizipata nazificha, maana watoto wameshazigundua.

Anayeijua hobi hii anaujua pia ugonjwa wake: hakuna mtu mwenye kazi moja. Unaanza manowari, kabla hujamaliza unaona picha ya kitu kingine, unafungua sanduku jipya, lile la kwanza linaingia uvunguni. Miye nimejiwekea sheria: masanduku matatu tu, wala si zaidi. La kwanza ni la Waingereza wa 1896. La pili ni la Septemba 1914. La tatu ni la watu waliokuwa ndani ya ikulu asubuhi ile ya Alhamisi.

Kuendesha kazi tatu kwa pamoja kuna ufundi wake, na sehemu kubwa ya ufundi huo ni kuisoma hali ya hewa. Masika ikiingia, rangi ya kupuliza haiguswi. Unyevu ukiwa mwingi hewani, rangi inatua kwenye kisanamu na kugeuka ukungu mweupe, kazi ya wiki imekwenda. Supaglu nayo kinyume chake: unyevu ndio unaoikausha, kwa hiyo siku za mvua huwa nakata na kugundisha. Kipupwe ndio wakati wa kupuliza, asubuhi juani, upepo haujaanza. Nyumba zetu za mawe na chokaa nazo zina yao, dari humwaga vumbi jeupe juu ya rangi mbichi, hivyo kila kisanamu hulala chini ya gilasi iliyopinduliwa. Mgeni akiingia anadhani tunafuga wadudu.

Kubwa zaidi, nilijifunza kutofuata sanduku bali kufuata rangi. Ukishaitengeneza rangi ya kahawia, ipake kila inapohitajika kwenye masanduku yote: bunduki za huku, milango ya kule, mbao za meli. Usiku wa buluu ni wa bahari. Usiku wa nyeusi ni wa buti na mabomba ya moshi. Hivyo kazi tatu zinasogea pamoja.

Angalau ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya. Mwaka jana, baada ya Ramadhani, nilitoa masanduku yote kuhesabu. La kwanza: tayari. La pili: limebaki robo. La tatu: visanamu arobaini, vyote kijivu, kama vilivyotoka begini. Kwa miaka mitatu kila rangi ilikuwa na sababu ya kutofika pale.

Sababu ya kwanza ni rahisi kuieleza. Waingereza wa 1896 wanajipaka wenyewe. Nataka kujua meli? Zimeorodheshwa: St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow. Nataka kujua nani aliamuru? Admeri Harry Rawson majini, Basil Cave kwenye ubalozi. Idadi ya makombora? Karibu 500. Risasi za rashasha? Zipatazo 4,100. Ipo hata ile picha maarufu ya wazungu wamejipanga na mzinga waliouteka nje ya ikulu, kofia zao za jua zinaonekana vizuri. Mpaka rangi unaipa nyeupe bila wasiwasi.

Sanduku la pili nalo lina ushahidi wake. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza hapa bandarini ikiwa kwenye matengenezo, ikaizamisha. Königsberg yenyewe ilikwenda kujificha delta ya Rufiji, na huko ikamalizwa Julai 1915. Nilipokuwa naipaka Pegasus nilikodi boti nikaenda Chapwani, kile Kisiwa cha Makaburi mbele ya mji, ambako mabaharia wake wamezikwa. Majina yameandikwa. Unaweza kusimama pale, upepo wa bahari unakupiga, ukasoma jina la kijana aliyekufa mbali na kwao zaidi ya miaka mia iliyopita. Nilirudi nyumbani nikapaka kwa heshima.

Sasa njoo kwenye ikulu. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash aliingia ikulu na kujitangaza, bila kibali cha Waingereza, ambao tangu mkataba wa 1890 walijihesabu kuwa wenye kauli ya mwisho. Wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Khalid alikusanya watu wapatao 2,800. Wachache walikuwa askari wa ikulu. Wengi walikuwa raia, na mamia walikuwa watumishi na watumwa, maana utumwa ulikuwa bado halali hapa. Hadhi yake kisheria iliondolewa 1897. Alikuwa na rashasha, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili aliyoitoa Mfalme Wilhelm wa Ujerumani kama zawadi. Watu wake walijikinga nyuma ya makasha na marobota.

Na huko nje, upande wa Waingereza, walikuwapo askari wa Kizanzibari wapatao 900 chini ya Raikes, jeshi ambalo Lloyd Mathews alikuwa ameliunda kwa ajili ya Sultani. Kwa hiyo anayetaka kuisimulia siku ile kama Wazanzibari huku na wazungu kule, ana kazi. Ndani ya ikulu kulikuwa na mtu ambaye hakuwa na hiari ya kuwamo. Nje ya ukuta kulikuwa na Mzanzibari mwenzake ameshika bunduki.

Hesabu ya mwisho husomeka hivi. Upande wa Waingereza, afisa mdogo mmoja wa Thrush alijeruhiwa vibaya, akapona. Upande wa ikulu, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Isome tena sentensi hiyo. Hata wafu hawakutenganishwa na majeruhi. Yule mmoja aliyepona tunajua cheo chake na meli yake. Hawa mia tano tumepewa neno "wapatao".

Nilianza kwa kuikwepa kazi hiyo kwa kufanya nyingine, tabia yetu sote wenye masanduku mengi. Nikaamua kuchonga Glasgow. Hiyo ilikuwa meli ya Sultani, iliyojengwa Uingereza kwa ajili ya Sayyid Barghash mwaka 1878 kwa mfano wa merikebu ya Kiingereza yenye jina hilo. Asubuhi ile, ikiwa chombo cha anasa chenye mizinga midogo, iliifyatulia St George, na ikazamishwa. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini mbele ya mji mpaka 1912, ilipovunjwa. Fikiria: miaka 16 watu wanakwenda Forodhani, watoto wanazaliwa na kukua, na milingoti ile ipo.

Sijapata kuiona ikiuzwa kama kisanamu. Nikamfuata mzee mmoja anayechonga majahazi ya mapambo ya kuwauzia watalii.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unataka jahazi?"

Nikamwonesha picha. Akaigeuza geuza, akaniuliza naitaka ikiwa nzima au ikiwa imezama. Nikacheka, nikasema nzima. Yeye hakucheka. "Nzima aliiona bibi wa bibi yako. Iliyozama ndiyo iliyokaa na watu."

Basi nikaichonga iliyozama: milingoti mitatu tu inayotokeza kwenye kipande cha bahari ya buluu. Ilinichukua siku mbili, na ndiyo kazi yangu bora mpaka leo.

Kisha tukacheza. Marafiki zangu wawili, mmoja mwalimu wa skuli, mwengine fundi simu, walikuja Jumamosi moja. Manowari tano zikapangwa, ikulu ya kadibodi ikasimama, na kwa kuwa sanduku la tatu lilikuwa bado kijivu, nikavitia vile visanamu ndani hivyo hivyo. Fundi simu akarusha dadu kwa niaba ya Rawson. Mzinga mmoja wa Khalid ukaanguka kwa kombora la mwanzo, kama ulivyoanguka kweli. Raundi ya tatu ikulu ikawa imekwisha. Mwalimu, aliyekuwa Khalid, akauliza: "Sasa miye nafanya nini hapa?" Hakuwa na la kufanya. Tulicheza tena, tukampa mizinga zaidi. Akashindwa tena. Fundi akawa anaviokota vile vya kijivu kwa kiganja, kama mtu anayechota kunde, anavirudisha kwenye kopo.

Pale ndipo nilipoona aibu. Kijivu kimoja hakina tofauti na kijivu kingine. Kikianguka hujui nani kaanguka.

Mwalimu, ambaye ni mchezaji mzuri wa bao, alisema jambo ambalo bado nalitafakari. Kwenye bao kuna kete 64 na zote ni sawa, hakuna yenye jina, lakini kete iliyoliwa haifi. Inahamia upande wa aliyeila, inaendelea kucheza. Kete moja inaweza kulala huku na kuamka kule mara kumi katika mchezo mmoja. Huo ni mchezo uliokubali tangu mwanzo kuwa si vita. Miye nilikuwa nimetengeneza kitu cha katikati: kete zenye sura za watu, zinazokufa.

Nikarudi kwenye sanduku la tatu, safari hii kwa dhati. Vitabu vya sare za kijeshi havikunisaidia, maana wengi wao hawakuwa na sare. Nilichohitaji ni historia ya nguo. Zanzibar ya karne ya 19 ilivaa kwa daraja, na ukijua kitambaa umeshamjua nusu mtu. Merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyokuwa ikija kutoka Marekani, ilikuwa nguo ya mtumwa na ya maskini. Kaniki, nyeusi au buluu ya giza, vivyo hivyo. Kanzu na kofia zilikuwa na wenyewe. Kanga ilikuwa bado ngeni, na wanawake waliokuwa wakitoka utumwani waliipenda kwa sababu kuivaa kulikuwa ni kusema kitu. Wakati ule ilikuwa haijaanza kuandikwa maneno, na kwa hilo nashukuru, maana brashi yangu isingeweza.

Nikajiwekea sharti: visiwepo viwili vinavyofanana. Ile mbinu yangu ya rangi moja kwa masanduku yote ikanisaliti, kisha ikanisaidia. Usiku wa nyeupe ulipofika, nikapaka mabaki ya mabaharia wa Pegasus, na kwa chupa ile ile nikaingia kwenye kanzu. Nyeupe ndiyo rangi ngumu kuliko zote. Ukiipaka moja kwa moja inakuwa kama chokaa. Unaanza na kijivu cha udongo, unapandisha taratibu, unaiacha nyeupe safi mahali pawili tu, begani na gotini. Ilibidi niwashe taa mbili. Baharia mwenye kaburi Chapwani na mtu wa ikulu asiye na kaburi linalojulikana walikauka usiku mmoja chini ya gilasi mbili zilizokaribiana.

Majina sikuwapa. Niliwahi kufikiria, nikaona nitakuwa naongopa. Mwandishi wa habari anaijua tofauti kati ya kutojulikana na kubuniwa. Nimewapa nguo, na kila mmoja kitu mkononi: kikapu, bunduki, ufunguo, sinia, mtoto.

Sinia ndilo lililobadilisha mchezo. Nilikuwa nalipaka rangi ya shaba nikajiuliza huyu asubuhi ile alikuwa anampelekea nani chai. Onyo la mwisho la Waingereza lilikuwa na saa yake: saa tatu kamili. Siku ya kabla yake, wanawake na watoto wa Kiingereza walikwishahamishiwa melini kwa usalama wao. Saa mbili asubuhi Khalid alikuwa bado anatuma mjumbe kutaka mazungumzo. Saa mbili na nusu alijibu kwamba bendera haishushwi, na kwamba haamini kama watapiga. Kwa hiyo kulikuwa na saa nzima. Hiyo ndiyo saa ambayo haimo kwenye zile dakika 38, wala mtembeza wageni haitaji.

Mchezo wangu sasa unaanza saa mbili na kuisha saa tatu na dakika mbili. Hakuna mzinga unaopigwa. Meli zipo, zimegeuza ubavu, zinasubiri. Wachezaji wote wako ndani. Kila zamu ni dakika tano, na lengo ni kuwatoa watu. Si rahisi. Mwenye bunduki haondoki bila amri. Mtumwa haondoki bila ruhusa, isipokuwa dadu imkubalie. Njia zimezibwa kwa makasha na marobota. Na kila zamu unarusha dadu ya fununu, ambayo mara nyingi hukwambia yale yale aliyoyaamini Khalid: hawatapiga.

Mara ya kwanza marafiki zangu waliwatoa 11 kati ya 40. Walibishana nusu saa, mmoja akasema Khalid naye ahesabiwe. Ni haki: yeye mwenyewe alitoka, akakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Oktoba 2 maji yalipojaa, mashua ya Kijerumani ilifika mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi, akapandia hapo, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walikuja kumkamata katika vita vikuu, wakampeleka uhamishoni, Seychelles na Saint Helena, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927. Yeye alikuwa na mlango, na mlango wake tunaujua mpaka tarehe yake.

Mahali palipokuwa na Beit al-Hukm pamebaki uwazi. Beit al-Sahel ilijengwa upya, na leo ni makumbusho. Beit al-Ajaib, iliyopona 1896 na majeraha machache, sehemu yake iliporomoka yenyewe tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafariki. Nilifika pale siku ile na kalamu yangu ya kazi, na jambo la kwanza watu wote walilouliza ni: ndani kulikuwa na nani? Ndilo swali sahihi. Mwaka 1896 hakuna aliyeliandikia jibu.

Wiki iliyopita mke wangu alichoka kusubiri meza, akavuta kiti, akasema hebu nioneshe. Nikamweleza kanuni. Hakushughulika na askari wala na lango kubwa. Alianza na yule wa sinia, akaenda kwa wa kikapu, akamfuata mwenye ufunguo.

"Kwa nini huko?" nikamuuliza.

"Wa jikoni ndio wanaojua mlango wa nyuma."

Aliwatoa 23. Usiku ule tulikula chini, juu ya mkeka, kwa sababu juu ya meza walibaki 17 na hakuna kati yetu aliyetaka kuwarudisha kwenye kopo.